Dira za simu zijifunze kwa njiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaotengeneza programu za simu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Igombe hapa Mwanza. Kazi yetu ni kipindi cha giza, mwezi usipoonekana, na taa za mjini zikishapotea wengi siku hizi tunafungua dira ya simu.

Mshale wake ndio unaonikera. Umekaa kwenye kioo cheupe kinachowaka. Uutazame mara moja tu, ukiinua macho huoni hata ukingo wa mtumbwi. Halafu weka simu karibu na spika ya redio, au ivalishe yale makava ya kufunga kwa sumaku yanayouzwa Makoroboi, uone: mshale unageuka kimya kimya na kukuonyesha kaskazini ya uongo bila haya.

Mwaka 1971 Mmarekani William Keeton alitangaza majaribio ya njiwa waliobandikwa sumaku mwilini. Jua likiwaka, njiwa wazoefu walishika njia ya nyumbani vizuri. Siku za mawingu mazito, walichanganyikiwa. Kumbe njiwa ana dira ya sumaku, ila jua likiwapo hufuata jua. Simu nayo hupokea setelaiti, na mtumbwi ukishatembea inajua tunaelekea wapi. Sumaku ya kava haigusi hesabu hiyo. Kwa nini basi programu isilinganishe hizo mbili, na zikipishana initetemekee mfukoni?

Tena kutetemeka kwenyewe kunatosha kuwa dira. Watafiti wa Osnabrück, Ujerumani, walitengeneza mkanda wa kiunoni wenye vitetemeshi kuzunguka mwili, na kinachotetemeka ni kile tu kilichoelekea kaskazini. Baadhi ya waliouvaa kwa wiki kadhaa walisema walianza kuzihisi pande za dunia wenyewe, bila kuuwazia mkanda. Mkanda wa namna hiyo usioingia maji ningeuvaa hata leo (mke wangu atacheka, acheke). Usiku mikono yangu iko kwenye wavu na macho kwenye taa. Kiuno ndicho kimekaa bure.

Walimu wa kompyuta vyuoni hapa jijini, leteni wanafunzi mwaloni jioni, kabla hatujaingia ziwani. Nafasi mtumbwini ipo. Majaketi ya kujiokolea waje nayo.

Mvuvi wa dagaa,
Igombe, Mwanza