Imepitwa, haijaachwa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na baba yako anakusalimu, ingawa alipousikia ujumbe wako wa sauti alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka. Nimeusikiliza mara mbili, dakika sita na ushei, nikaona nikuandikie badala ya kukupigia. Nikikupigia utanikatiza, nami nitasahau nusu ya niliyotaka kusema.

Umesema umeonewa. Ulijinyima karibu mwaka mzima, ukaweka kidogo kidogo, ukanunua simu uliyoitamani. Kabla hata kava lake halijachakaa, miezi minne tu, ikatangazwa nyingine ya jina lile lile, namba moja mbele, na wiki hiyo hiyo bei ya yako ikashuka. Mwenzako kazini ameshaipata hiyo mpya, na kila mkikaa anailaza kifudifudi mezani ili kamera zionekane. Sasa unataka kuiuza yako, uongeze pesa juu, uichukue hiyo. Unaniuliza kama naweza kukusaidia kwenye nyongeza.

Nyongeza sitoi. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma barua nzima ukilisubiri.

Lakini pia sitakuambia kwamba "ni simu tu". Wanaosema hivyo aghalabu si wao waliojinyima. Nadhani najua panapouma. Simu bora kuliko yako zilikuwepo hata siku uliyonunua, na hazikukukosesha usingizi. Kinachouma ni kwamba ungevuta subira kidogo ungelipa pungufu, na unahisi muuzaji aliyekuchekea siku ile alikuwa anajua.

Hujaanza wewe. iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani tarehe 29 Juni 2007, na watu walipanga foleni kuinunua. Ile yenye hifadhi ya gigabaiti 8 iliuzwa dola 599. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, siku 68 tu baadaye, ikashushwa hadi dola 399. Wala hakukuwa na toleo jipya lililoisukuma, simu ni ile ile. Walioadhibiwa ndio waliowahi. Kelele zikawa nyingi mpaka Steve Jobs mwenyewe, mkuu wa Apple wakati huo, akaandika barua kwa wateja na kuwapa vocha ya dola 100, ya kutumia katika maduka ya Apple. Hapo mimi huwa nacheka: umepoteza 200, unarudishiwa 100, na sharti ukaitumie kwa yule yule.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya wenye iPad, kompyuta bapa ya Apple. Ya tatu ilianza kuuzwa Machi 2012 na ikaitwa mpya, mpya kweli kweli. Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa ya nne. Miezi saba. Na zaidi ya chipu yenye kasi, walibadilisha hata tundu la chaji, kwa hiyo aliyenunua Machi alibaki na waya wa mtindo uliokuwa unaaga. Wewe angalau waya wako unaingia kwenye hiyo mpya, nimeangalia.

Kuhusu muuzaji, ndiyo, huenda alijua, au alikisia. Matoleo haya hayaanguki kutoka mbinguni, yana msimu wake. iPhone kwa miaka mingi sasa hutoka Septemba, isipokuwa mwaka 2020 zilipochelewa hadi Oktoba. Zile kubwa za Samsung, za Galaxy S, kwa kawaida hutangazwa mapema mwakani, Januari au Februari. Anayenunua wiki chache kabla ya msimu ananunua kwa bei ya juu kitu ambacho bei yake iko mlangoni inavaa viatu. Hilo ulipaswa kuliuliza, na mimi nilipaswa kukukumbusha. Tugawane lawama.

Na muuzaji kunyamaza kuna sababu yake. Mwaka 1983 kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo Osborne ilianza kuzisifu mashine zake zijazo wakati za zamani bado zimejaa kwenye rafu. Wanunuzi wakasema, aa, basi tusubiri. Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na matatizo mengine pia, na huenda ni kweli, lakini tangu hapo kisa hicho kimekuwa kama hadithi ya kutishia watoto katika biashara hiyo. Usitegemee mtu wa dukani akunong'oneze "rudi mwezi ujao".

Tuje kwenye simu yenyewe. Ulinitumia jedwali la kulinganisha mbili hizo, nikalisoma lote na chai yangu ikapoa. Chipu ya mpya ina kasi zaidi. Kioo chake kinang'aa zaidi juani. Kamera moja imeongezewa uwezo wa kuvuta vitu vya mbali. Basi. Nilikuwa natafuta mstari unaosema kuanzia siku ya uzinduzi yako itaacha kufanya jambo fulani, sikuuona. Juzi simu yako ilikuwa inapiga picha nzuri za usiku, na ulinitumia moja ukijisifu. Mwenzako kununua yake hakujaifanya yako isahau kupiga picha. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, nao hawakuwahi kuona tangazo la simu.

Desturi hii ya kutoa mtindo mpya kila mwaka ni ya zamani kuliko simu. Ilishika mizizi kwenye magari. Henry Ford aliunda gari lake la Model T kuanzia 1908 hadi 1927 bila kubadilisha umbo lake sana. Washindani wake General Motors, chini ya mkuu wao Alfred Sloan, wakagundua kwamba ukigeuza sura ya gari kila mwaka, mwenye la mwaka jana ataanza kuliangalia lake kwa jicho baya, hata kama linatembea vizuri. Jicho baya hilo ndilo unaloliangalizia simu yako sasa. Kuna watu wameajiriwa kukutia hilo jicho, na ni hodari wa kazi yao.

Lakini, mwanangu, usije ukadhani mama yako anaamini simu hazizeeki. Zinazeeka, na mimi nimeumizwa na jambo hilo. Unaikumbuka ile yangu yenye ufa kwenye pembe? Nilikaa nayo miaka sita. Nilibadilisha betri mara moja. Ilipiga, ilipokea, ilipiga picha za mahafali yako. Asubuhi moja nafungua programu ya benki, inanijibu kwamba mfumo wa simu yangu hautumiki tena. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelipa bili kwa simu hiyo hiyo! Nikampelekea fundi. Akaigeuza, akaipapasa, akaniambia: "Mama, simu nzima hii. Ila imeachwa."

Imeachwa! Kana kwamba imepewa talaka. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko wewe ulivyo sasa, na hasira yangu, samahani kwa kujipendelea, ilikuwa na msingi zaidi. Yako imepitwa. Yangu iliachwa. Hayo ni mambo mawili, na watangazaji wanapenda tuyachanganye.

Simu iliyopitwa ina mwenzake mwenye kasi kuliko yeye, na hayo ndiyo yote. Iliyoachwa, mtengenezaji ameacha kuiletea masasisho ya mfumo na ya usalama. Wezi wa mtandaoni wanapogundua tundu jipya, hakuna anayekuja kuliziba. Baadaye programu moja moja zinaanza kuikataa: benki, kisha ujumbe, kisha nyingine. Kioo kinaweza kuwa safi kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo ungenipigia kabla ya kununua, nisingekuuliza mpya inatoka lini. Ningeuliza hii itaachwa lini. Sote tunajua tarehe ya harusi, uzinduzi unatangazwa dunia nzima, lakini tarehe ya talaka imeandikwa kwa maandishi madogo na hakuna anayeitafuta. Na mambo hapa yamebadilika kwa kheri, lazima niwape haki yao. Zamani simu nyingi za Android zilipata masasisho miaka miwili au mitatu, kisha kimya. Google walipotoa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7. Samsung wakaahidi hiyo hiyo kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria, tangu 20 Juni 2025, kwamba simu mpya zinazouzwa kwao ziletewe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 tangu toleo hilo linapoacha kuingizwa sokoni.

Angalia hesabu inaanzia wapi, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Ahadi za makampuni kwa kawaida huhesabiwa tangu simu ilipotolewa. Siku uliyoitoa kwenye boksi haihusiki. Ukinunua simu iliyokaa sokoni miaka miwili kwa sababu imeshushwa bei, miaka miwili ya ahadi imekwisha kuliwa na rafu. Bei nafuu hiyo unailipa mwishoni. Yako ilikuwa na miezi minane hivi tangu itoke, si kitu.

Cha pili kinachozeeka kweli ni betri, na hili lipo mikononi mwako. Betri hizi za lithiamu huchoka kwa mizunguko ya chaji. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Nyingi zimeundwa zibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na baadhi ya mpya hufika 1,000. Joto ndilo adui mkubwa. Kwa hiyo ile tabia yako ya kuichaji chini ya mto huku unaangalia video, uiache. Nimekuwa nikiisema tangu uko sekondari na nitaendelea.

Nakuambia habari ya betri kwa sababu wengi hununua simu mpya kumbe iliyochoka ni betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, wakasema ni ili zisizimike ghafla. Watu walikasirika sana, wakaenda mahakamani, na Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja. Apple ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na waliobadilisha wakarudishiwa kasi yao. Fikiria waliokuwa wamekwisha kutupa za kwao.

Na hapa ndipo ningependa uielekeze hasira yako, ukiwa bado unayo. Usiwakasirikie waliotengeneza simu nyingine. Wakasirikie wanaogundisha betri kwa gundi mpaka fundi apashe kioo moto ndipo aifikie. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi imekuwa ikitengeneza simu unazofungua kwa bisibisi ya kawaida na kubadilisha kipande kimoja kimoja, kwa hiyo msikubali kuambiwa haiwezekani.

Hesabu ya kuuza nimekufanyia, kwa sababu wewe ukiwa na hamu huwa unaruka mistari. Ulipolipa bei ya mwanzo na sasa imeshuka, hasara hiyo ipo kwenye karatasi tu maadamu simu iko mfukoni mwako na inafanya kazi. Siku ukiiuza unaigeuza hasara ya kweli. Kisha unanunua nyingine kwa bei yake ya juu kabisa, ile ya wiki za mwanzo, na baada ya mwaka, au miezi minne, unanitumia ujumbe mwingine wa dakika sita. Utakuwa umelipia uchungu ule ule mara mbili. Ukiitumia miaka mitano, gawanya bei uliyotoa kwa miezi sitini halafu uniambie hiyo miezi minne ya kungoja ingekuokolea kiasi gani kwa mwezi. Mimi nimegawanya. Nilipata kiasi ambacho ungekipoteza kwenye mfuko wa suruali usijue.

Jana, kwa hasira zako hizi, nilifungua droo ya kabati la sebuleni. Nimekuta simu tano na chaja nisizojua ni za nini. Mbili kati ya hizo simu zilikuwa zako, na moja imewaka nilipoichaji. Nilisoma kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Droo yetu haimo kwenye rekodi yoyote. Hiyo iliyowaka nitampa fundi achukue vipuri.

Mdogo wako ameuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kama ukiuza utamuuzia yeye kwa bei ya udugu. Nimemwambia angoje miaka mitano. Amenuna.

Sasa fanya hivi. Fungua mipangilio ya simu yako, nenda kwenye betri, uone uwezo uliobaki. Kisha tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji tarehe ya mwisho ya masasisho ya toleo lako, uiandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kava, upande wa nyuma, mahali ambapo mwenzako anaonyeshea kamera. Nipigie picha zote mbili, ya betri na ya karatasi, unitumie. Ya karatasi ipige kwa simu hiyo hiyo, na usiku, nione kama kweli imeharibika.

Mama yako