Risala ya Klabu ya Habari kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Rungwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi,
Wahitimu na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu na kupanda mlima kuja kutuona. Shikamoo, mzee wetu. Ulizaliwa kwenye mabonde haya, ukaenda Dar es Salaam ukiwa kijana, ukatumikia redio hadi ulipostaafu. Wazazi wengi waliokaa hapa walikujua kwa sauti kabla hawajakujua kwa sura. Ndiyo maana Klabu ya Habari tuliomba nafasi hii, tuizungumze kazi yetu mbele ya mtu anayeijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na gazeti la ukutani: karatasi za manila, kalamu za rangi na gundi. Toleo likibandikwa Jumatatu, mvua ya upepo ikipiga barazani, Jumatano halisomeki tena. Mabadiliko yalikuja na kishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu, na mwalimu wetu mlezi akapata kimoja. Kwa kuwa wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, kishikwambi hicho ndicho kamera yetu, kinasa sauti chetu na chumba chetu cha habari. Habari tunaiandika kwenye waraka mmoja uliohifadhiwa mtandaoni. Mwandishi akiwa maktaba kwenye kompyuta ya shule, mhariri akiwa ofisini kwa mlezi, wote wanauona ukurasa uleule, na anachosahihisha mmoja mwenzake anakiona papo hapo. Toleo likikamilika linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi aliyeko Tunduma au Makambako anasoma habari za mwanawe jioni ileile.

Sisi watu wa Rungwe mawingu tunayajua. Asubuhi nyingi yanaufunika mlima hadi saa nne, tano. Basi tulipoambiwa kazi zetu zinahifadhiwa kwenye wingu, wengi wetu tulidhani ni kitu kisicho na mahali, kinachoelea tu. Mlezi wetu akatufundisha kwamba wingu hilo lina mahali. Ni majengo yenye maelfu ya kompyuta, yana umeme wake, vipoozaji vyake na walinzi wake, na yana mwenye nyumba. Microsoft ilifungua majengo ya aina hiyo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Sauti iliyorekodiwa chini ya mgomba hapa kwetu inaweza kupita kwenye nyaya za ardhini hadi pwani, ikaingia baharini, ikaenda kulala katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Na mwenye nyumba hubadili masharti. Google ilikuwa ikihifadhi picha za watu bure bila kikomo, lakini ilipofika tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ulikoma. Sasa kila akaunti ina gigabaiti 15 za bure, zikijaa unalipia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna jambo moja tunaloomba ulisikie kwa kirefu.

Mwezi Aprili mwaka jana tulikwenda kumrekodi bibi mmoja jirani na shule. Tuliomba ridhaa yake na ya wanawe kwanza, maana mlezi alitusomesha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo sheria, adabu ingetutaka tuombe. Kishikwambi tulikiweka juu ya debe la maharage, tukakizungushia kanga yake ili upepo usiingie. Tukamuuliza zamani habari zilimfikiaje. Akatueleza habari za Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin. Redio pale kijijini ilikuwa moja tu, ya mwenye duka. Betri zilikuwa zimechoka, zikaanikwa juani zirudishe nguvu kidogo. Mwenye duka akaitoa redio nje akaiweka juu ya kiti, watu wakakaa kwenye nyasi wakaizunguka kama wanaota moto. Ilipokwisha hotuba hakuna aliyeinuka. Walikaa wakiulizana ni vijana wa nani watakaokwenda.

Katikati ya maneno hayo mvua ikashuka, na mabati, mzee wetu, unayajua. Tukasimamisha kurekodi. Bibi akatuchomea ndizi, tukala, na mvua ilipopungua akaanza tena palepale alipoachia, kwenye lile neno aliloishia. Jumla tulipata dakika 47.

Usiku ule kishikwambi kilikuwa kimejaa. Tukapandisha mazungumzo yote kwenye wingu, tukahakikisha yamefika, kisha tukayafuta kwenye kifaa ili kupata nafasi ya picha za michezo. Akaunti yetu ilikuwa imefunguliwa kwa laini ya mwalimu wa kujitolea ambaye baadaye alihama. Mwezi Juni kishikwambi kiliharibika, tukajaribu kuingia kwenye akaunti kwa kompyuta ya maktaba. Tukaambiwa namba ya siri ya uthibitisho imetumwa kwenye ile laini. Laini ilikuwa imeshafungwa kwa kutotumika. Neno la siri tulikuwa nalo, sawasawa kabisa, na halikutufaa. Tulijaza fomu za kurejesha akaunti wiki baada ya wiki, jibu likawa lilelile. Mwezi Agosti Bibi akafariki.

Kilichobaki ni dakika 4. Mlezi alikuwa amemtumia kipande hicho mjukuu wa Bibi aliyeko Tunduma, na mjukuu huyo hakukifuta. Siku ya mazishi kilichezwa kwenye spika za kanisa. Ni kile kipande cha betri kuanikwa juani. Watu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza, na dada mmoja akamgeukia mwenzake akasema, huyo ni yeye kabisa, sikiliza anavyocheka.

Tuliiomba familia radhi, na leo tunairudia radhi hiyo mbele yako. Hatumlaumu mtu mwingine. Kifaa kilifanya kazi yake, na wingu, kwa kadiri tujuavyo, bado linazo dakika zote 47. Sisi tulifuta nakala iliyokuwa mkononi kabla hatujawa na nyingine, na mlango tukauwekea ufunguo wa mtu mmoja anayepita. Wewe ulifanya kazi enzi za kanda. Kanda ilikuwa nzito na iliharibiwa na joto na unyevu, lakini ilikaa kabatini na kila mtu alijua ufunguo uko kwa nani. Zilipendwa zilizorekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam wazazi wetu wanazisikia mpaka leo, kwa sababu kuna watu waliozitunza kanda zile kwa mikono yao.

Tangu hapo tumebadilika. Kila tunachorekodi kinakaa mahali patatu: kwenye kifaa, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini kwa Mkuu wa Shule, na kwenye wingu. Hatufuti cha kwanza mpaka tumevisikiliza vile viwili vingine kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tumeshawarekodi wazee 9. Tulijaribu pia programu ya akili mnemba inayogeuza sauti kuwa maandishi. Mzee akizungumza Kiswahili iliandika vizuri, sentensi baada ya sentensi. Alipoingia Kinyakyusa ikaandika vitu visivyoeleweka. Kwa hiyo sehemu hizo tunaziandika kwa mkono, na wenzetu ambao hawakukulia huku wanajifunza Kinyakyusa kwa njia hiyo. Hilo hatukulitarajia, na limetufurahisha kuliko yote.

Yapo pia yanayotupa mawazo. Siku ile ya redio ya mwenye duka, kijiji kizima kilisikia neno moja kwa wakati mmoja, kikalijadili kikiwa kimekaa pamoja. Siku hizi nyumba moja ina simu janja tatu, na kila mmoja ana video zake na spika zake masikioni. Hatutaki kurudi kwenye betri za kuanika. Lakini tumeanza, kila Ijumaa jioni, kuwasikilizisha wanafunzi wote mazungumzo ya mzee mmoja bwaloni, kwa spika, pamoja. Wiki za kwanza walikuja wachache. Sasa viti havitoshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hii ina upungufu. Kishikwambi kilichotengenezwa kinakaa na chaji kwa saa moja na nusu tu, na bando linatoka mfukoni mwa mlezi. Tunaomba utusaidie, au utusemee kwa wenye uwezo, tupate diski mbili za kuhifadhia, za terabaiti 1 kila moja. Diski moja ya namna hiyo, kwa sauti ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, inabeba zaidi ya mazungumzo 20,000 ya urefu wa yale ya Bibi. Wazee wote wa wilaya hii wataenea. Tunaomba pia maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye nguo, kwa sababu ya mabati, na laini moja iliyosajiliwa kwa jina la shule, itakayobaki hapa walimu na wanafunzi wakihama.

Ombi la mwisho halina gharama. Baada ya chakula tumeandaa chumba cha maabara, madirisha tumeyafunga kwa mablanketi, na kishikwambi kiko kwenye chaji tangu alfajiri. Tunakuomba utupe saa moja. Utuanzie siku ya kwanza uliyoingia studio, nasi tutakusikiliza.

Ndaga fijo, asante sana, mzee wetu.

Tunaomba kuwasilisha.