Barua ya wazi: lokesheni ya Kolo iishie ofisini

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kondoa,

Salaam. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na lami ya Dodoma hadi Babati inapita Kolo kabisa, kijiji chenye ofisi ya michoro hiyo. Bado mabasi yanapita moja kwa moja. Kuitangaza mitandaoni tunakuunga mkono. Tunachogombania ni namna ya kuitangaza.

Simu ikiwa na lokesheni ya kamera, picha hubeba mahali pango lilipo. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti, zinakwenda nayo. Na anayezifuata si mtalii peke yake. Wapo wanaosaka “mali ya Mjerumani”, hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani enzi za ukoloni, na wameshafukua sakafu za baadhi ya mapango. Udongo ule ndimo vilimo vigae na mawe yaliyochongwa, kila tabaka na umri wake. Ukishavurugwa, hakuna wa kuupanga tena.

Halafu kuna maji. Mtu anamwagia mchoro ili wekundu ukolee kwenye video. Unakolea kweli, kwa dakika chache. Yakikauka, chumvi hubaki juu ya mwamba na kufanya utando mweupe unaoficha mchoro. Video ya hivyo ikipendwa, mwingine ataiga kesho yake.

Kwa hiyo, kwa kushirikiana na wenzenu wa mambo ya kale, wekeni pini moja tu kwenye Google Maps: ofisi ya Kolo, siyo mapangoni. Iwe na kiingilio, saa za kazi na namba ya simu inayopokelewa. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, maana ya mtumishi huhama naye. Mgeni akiandika jina kitabuni, mwongozaji amwombe hapo hapo azime lokesheni ya kamera, na amweleze kuhusu maji. Kwenye pango la Mungomi wa Kolo bado pana matambiko. Yakiendelea simu zikae mfukoni, na ruhusa itoke kwa wazee.

Mwisho, awepo mtu wa kujibu maswali kwenye kurasa zenu. Linaloulizwa sana ni dogo: njia inapitika? Wakati wa masika, njia ya kupanda mlimani huteleza. Kuandika “leo gari dogo halipandi” saa moja asubuhi kunamfaa mgeni kuliko picha kumi za Agosti.

Wenu,
Wadau wa utalii wa utamaduni, Dodoma