Ndugu wa Yesu na mahari ya watoto wetu

Mheshimiwa Mhariri,

Mchungaji mmoja wa hapa Lubumbashi aliandika katika gazeti lenu kwamba Mkristo asiyekubali kuwa Maria alizaa watoto wengine baada ya Yesu anaipinga Biblia mchana kweupe. Toleo lililofuata, msomaji Mkatoliki akamjibu kwamba jambo hilo liliisha tangu zamani za mitume, na kwamba ni Waprotestanti tu waliokuja kulichokoza. Mimi ni Mmethodisti, mke wangu ni Mkatoliki, tumeoana tangu enzi za Zaire, na mjadala huu umekula bukari, ugali wetu, mezani kwetu mara nyingi. Naomba nafasi, kwa sababu naona wote wawili hawaijui vizuri historia ya nyumba zao wenyewe.

Kilichoandikwa hakina ubishi. Katika Marko 6:3 watu wa Nazareti wanawataja ndugu wanne kwa majina, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, halafu dada ambao hakuna aliyejisumbua kuwataja. Yohana 7:5 inasema ndugu hao hawakumwamini. Kufika Matendo 1:14, wamo chumba cha juu wakisali pamoja na Maria. Paulo naye, katika Wagalatia 1:19, anasema alimwona Yerusalemu Yakobo, ndugu wa Bwana. Hata Yosefo, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wakristo, anapoeleza jinsi Yakobo huyo alivyouawa mwaka 62 hivi, anamtambulisha kama ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Kwa hiyo watu hao walikuwapo. Kinachobishaniwa ni nani aliwazaa.

Hapa mjini tumezoea kusikia majibu mawili, la padri na la mchungaji. Yapo matatu. La kwanza ndilo la mchungaji wenu: ni wadogo zake Yesu, watoto wa Yosefu na Maria. Karne ya nne mtu aitwaye Helvidius alilitetea kule Roma, na mnamo mwaka 383 Jeromu, yuleyule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, akamwandikia jibu kali akisema kwamba hao walikuwa binamu, watoto wa Maria mwingine. Hilo ni la pili, na ndilo Wakatoliki wengi wanafundishwa hadi leo. La tatu ni la makanisa ya Mashariki: Yosefu alikuwa mjane mwenye watoto kabla ya kumposa Maria, na hao ndio ndugu. Masimulizi hayo yanaonekana tayari katika maandishi ya karne ya pili yanayoitwa Injili ya Awali ya Yakobo, na Epifanio askofu wa Kipro akayatetea wakati uleule wa Jeromu. Wagiriki wa Lubumbashi wana kanisa lao la Kiorthodoksi hapahapa mjini. Anayedhani ubishi huu una pande mbili tu aende akawaulize.

Kila jibu lina mguu mmoja unaochechemea, na wahubiri hupenda kuonyesha mguu wa mwenzao. Mchungaji anategemea Mathayo 1:25, kwamba Yosefu hakumjua Maria mpaka alipojifungua. Lakini 2 Samweli 6:23 inasema Mikali hakuwa na mtoto mpaka siku ya kufa kwake, na hakuna anayefundisha kwamba alizaa kaburini. Mkatoliki naye anategemea Marko 15:40, ambapo Maria mwingine kabisa anaitwa mama wa Yakobo mdogo na Yose, majina mawili yaleyale ya kule Nazareti. Hoja hiyo ina uzito, nakiri. Ila majina hayo yalikuwa ya kawaida kwa Wayahudi wa wakati huo, kama Kabila na Ilunga kwetu. Ukiwakuta mama Ilunga wawili katika mtaa mmoja hutangazi kwamba wana mtoto mmoja. Tena Paulo, katika Wakolosai 4:10, anapotaja udugu wa Marko na Barnaba anatumia neno la Kigiriki la binamu, na hakulitumia kwa Yakobo. Kuhusu jibu la tatu, shida yake ni kwamba Injili zenyewe hazisemi lolote juu ya mke wa kwanza wa Yosefu.

Sasa nyumba ya mchungaji. Anasema Waprotestanti wa kweli hawajawahi kuamini ubikira wa daima wa Maria, yaani kwamba alibaki bikira maisha yake yote. Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, aliuamini hadi kufa kwake. Zwingli, mwanamatengenezo wa kule Zürich, vilevile. Calvin, mwanamatengenezo mwingine ambaye hakuwa mtu wa kumbembeleza Papa, aliandika kwamba Helvidius alionyesha ujinga mwingi kwa kudhani Maria alikuwa na wana wengi eti kwa sababu tu ndugu wa Kristo wametajwa. Nikija kwetu sisi Wamethodisti, tuliojaa Katanga hii tangu mwanzo wa karne ya ishirini, nimeshasikia mimbarani kwamba fundisho hilo ni la kipagani. Anayesema hivyo hajasoma barua ya John Wesley kwa Mkatoliki, aliyoiandika Dublin Julai 1749. Mwanzilishi wetu anaeleza humo imani yake, na mojawapo ya mambo anayoyakiri ni kwamba Maria alibaki bikira safi asiye na doa baada ya kumzaa Yesu kama alivyokuwa kabla. Siyo padri huyo, ni Wesley. Mimi nilipomsomea mke wangu alicheka jikoni mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Ila mke wangu naye sikumwacha. Msomaji wenu Mkatoliki anadai hakuna Mkristo wa zamani aliyefikiri vinginevyo, na hilo si kweli. Helvidius alipotafuta mashahidi alimtaja Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu, mmoja wa waandishi wa kwanza wa Kikristo kwa Kilatini. Jeromu hakukana kwamba Tertuliano alisema hivyo. Alijibu tu kwamba mtu huyo hakuwa wa Kanisa. Hiyo ni njia ya kumfukuza shahidi. Ushahidi wake unabaki palepale.

Kwa nini nayasumbukia mambo ya karne ya nne? Kwa sababu yameingia kwenye mahari. Nilikuwa mmoja wa wazee katika kikao cha mahari hapa Katuba, upande wa binti, familia ya Kikatoliki. Orodha ilikuwa imeshasomwa: mbuzi, vitenge vya mama, suti ya baba, koti la mjomba, sufuria, bahasha. Vinywaji vilikuwa mezani, bado havijafunguliwa. Msemaji wa upande wa kijana, baba yake mdogo, ambaye pia anahubiri katika kanisa moja la uamsho, akasema kabla ya kuendelea ana swali moja kwa bibi harusi. Tukadhani atauliza kama anampenda kijana, kama desturi. Akauliza: "Yesu alikuwa na wadogo wangapi?"

Binti akanyamaza, akamwangalia shangazi yake. Shangazi, mama mmoja anayeuza makala, yaani makaa, pale sokoni na ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu, akasema: "Baba, wewe umeingia hapa tunakuita baba ya bwana harusi. Hiki kiti tumekupa ni cha baba. Huyu kijana ulimuzaa siku gani?" Watu wakapiga makofi, hata upande wa kijana. Mhubiri hakucheka. Alifunga Biblia yake, akasema familia haiwezi kupokea mke asiyeijua Injili, na kikao kikavunjika. Vinywaji vikarudishwa. Ndoa ilikuja kufungwa miezi mingi baadaye, mashauri yalipokwisha, na mpaka leo pande hizo mbili zikikutana kwenye kilio zinakaa chini ya maturubai mawili.

Jibu la shangazi ni tamu, na nimelisikia likirudiwa na watu ambao hawakuwapo. Lakini nisiwe mnafiki, halimalizi swali. Kwamba sisi baba mdogo tunamwita baba hakuthibitishi watu wa Nazareti walisema vipi. Abrahamu alimwambia Lutu kwamba wao ni ndugu, na Lutu alikuwa mtoto wa kaka yake. Hilo linaonyesha jambo linawezekana, basi. Alichokionyesha shangazi ni kwamba yule mhubiri anaishi kila siku ndani ya udugu mpana kuliko ule anaoukubali kwenye Biblia, na kwamba alikuwa tayari kula faida ya kiti cha baba bila kuwa mzazi.

Tungepaswa sisi wa Katanga kulielewa hili kuliko wengine. Miaka ya 1950 padri Mfransisko Mbelgiji, Placide Tempels, alianzisha na wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao kundi la Jamaa. Walifundishana kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo, na aliyekuingiza katika mafundisho alikuwa baba yako au mama yako, awe wa kabila gani. Kundi lilipata matatizo yake na maaskofu, siyatetei yote. Ila wazazi wetu wengi walikaa katika vikao hivyo, na hawakuona ajabu kuwa na baba asiye wa damu bila kumkana wa damu.

Yohana 19 nayo tunaiharibu kwa ubishi huuhuu. Yesu msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Mkatoliki anasema: unaona, kama angekuwa na wana wengine, kwa nini ampe mtu wa nje? Mprotestanti anajibu: kwa sababu ndugu zake walikuwa bado hawajaamini. Hoja zote mbili zina akili. Wakati zinapigwa, kilichoandikwa hapo ni mtu anayekufa na anapanga mama yake atalala wapi usiku ule. Katika mji huu nimehudhuria vilio ambapo kaka za marehemu walianza kuuliza hati ya nyumba kabla maturubai hayajashushwa, mjane bado amekaa kwenye mkeka, wakati Sheria ya Familia ya 1987 inamhesabu mjane kati ya warithi. Baadhi yao ni wataalamu wakubwa wa ndugu wa Yesu.

Na hao ndugu walivyoishi baadaye kunajulikana kidogo. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, akimnukuu Hegesipo, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, anasimulia kwamba wajukuu wa Yuda, mmoja wa wale wanne, walipelekwa mbele ya Kaisari Domitiano wakituhumiwa kuwa wa ukoo wa Daudi. Wakaulizwa mali yao. Wakasema hawana fedha, wana shamba la pletra 39 (kipimo cha ardhi cha Kigiriki) lenye thamani ya dinari 9,000 kwa wote wawili, na wanalilima wenyewe na kulipa kodi. Wakamwonyesha viganja vilivyota sugu. Kaisari akawadharau, akawaachia. Hegesipo anamwita babu yao ndugu wa Bwana kwa mwili. Hilo watu wa Helvidius hulishangilia, wa Epifanio husema mtoto wa Yosefu naye angeitwa hivyo, na makanisa yaliyowapokea wakulima hao yaliwapa heshima bila kuwauliza mama wa babu yao alikuwa nani.

Mchungaji ana haki ya kuhubiri kwamba Yakobo na Yose walitoka tumboni mwa Maria. Mimi mwenyewe nikibanwa nichague ningeelekea huko, na mke wangu anajua. Lakini kabla hajaandika tena kwamba asiyekubali anaipinga Biblia, atuambie Luther, Zwingli na Wesley tuwaweke upande gani. Msomaji Mkatoliki naye atuambie kuhusu Tertuliano, na kuhusu Waorthodoksi wanaomheshimu Bikira kama yeye na bado hawamfuati Jeromu. Nakuomba, Mhariri, majibu yao uyachape siku moja, ukurasa mmoja. Hapa Katuba gazeti lenu linazunguka nyumba nyingi likiwa nakala moja, na aliyesoma upande mmoja mara nyingi halipati tena.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi