Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Bustani, Dodoma

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: kitalu kimeendelea, mafunzo ya kupogoa yamefanyika mara mbili, miche 310 imegawiwa. Wanachama tuko 64, waliolipa ada ni 23, mikutano iliyoitishwa ni 6, iliyotimiza akidi ni 2, salio ni shilingi 418,000. Mchanganuo anao mweka hazina.

Sasa suala la ukoka, maana maneno yamekuwa mengi. Inasemwa kwamba kamati yangu, kwa kung'oa ukoka na kupanda bogenvilia, imeigeuza bustani ya mbele kuwa jangwa. Ukoka ule ulikuwa mita za mraba 240. Hapa mvua ikikatika mwezi wa nne, hatuioni tena hadi Novemba au Desemba. Kiangazi chote ukoka unataka takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 1,200 kwa siku. Bogenvilia 21 tulizopanda, zikishashika mizizi, zinatosheka na lita 10 kila moja kwa wiki: jumla lita 210. Mimi ndiye niliyepiga hesabu hiyo, na bado naisimamia.

Lawama ya pili ni kukataa vyungu vya maua ya rangi mchanganyiko vilivyoletwa na wanachama. Jua letu la saa sita linafifisha rangi hafifu. Pinki nyepesi na njano ya maziwa hazionekani hata kwa hatua kumi. Rangi zinazostahimili ni nyekundu, machungwa na zambarau iliyokolea, tena kwa mafungu ya mimea mitano hadi saba ya rangi moja. Mmoja mmoja ukitawanywa, jicho halipati pa kutua. Maua nayo huja na kuondoka, kwa hiyo msingi wa rangi uwe majani: mishubiri, hasa ile ya kwetu iitwayo Aloe dorotheae, ambayo majani yake hugeuka mekundu ikipata jua kali na maji kidogo. Chini tumeweka kokoto za kijivu, unene wa sentimita 5, zikikaa sentimita 10 mbali na shina. Kokoto nyeupe zingeumiza macho.

Yapo yaliyoharibika, nayo nayaeleza. Mawaridi ya jangwani 9 kati ya 14 yalioza, kwa kuwa yalipandwa kwenye udongo mzito wenye samadi na kumwagiwa maji Juni na Julai, wakati wa baridi, mmea ukiwa umelala. Mchanganyiko sahihi ni debe moja la udongo kwa madebe mawili ya mchanga mkavu wa chengachenga. (Utomvu wake ni sumu, anayekata avae glavu.) Bogenvilia za upande wa mashariki zimejaa majani matupu kwa sababu mtu alizimwagia kila siku na kuzitilia samadi. Bogenvilia huchanua ikikauka kidogo, na huchanua kwenye matawi mapya, hivyo ipogolewe mara rangi inapopukutika. Ukoka nao umechipua katikati ya kokoto, maana ulichimbwa kwa kina cha kiganja badala ya sentimita 30.

Na kwa nini ulichimbwa juujuu? Siku ya kazi walikuja watu 7. Saba, ndugu zangu, kati ya 64! Wanaolalamika zaidi kuhusu jangwa hawakushika jembe, na kumbukumbu zinaonyesha hawakuwapo hata kwenye kikao kilichopitisha uamuzi huu. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Wanachama 41 hawajalipa, jumla shilingi 984,000. Fedha hiyo ingenunua tangi na mipira ya matone, na hakuna mtu ambaye angezidisha maji.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikiingia, kuendelea na upande wa nyuma, na pengine kuongeza mishubiri ya maua ya machungwa. Ukoka hautarudishwa.

Mwenyekiti