Kwa Nini Familia Inayoendeleza Majengo ya Biashara Hupangisha Badala ya Kuuza

Wapangaji wetu hutuuliza mara kwa mara kwa nini, hata mteja akija na fedha za kutosha, kampuni ya familia kama yetu humpa mkataba wa pango na si hati ya kununua jengo. Swali hilo ni la haki, na sijaona jibu lililo wazi kuliko historia ya familia ya Grosvenor ya Uingereza.

Mwaka 1677, Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, mtoto wa miaka 12, katika ndoa ambayo leo hakuna atakayeitetea. Binti huyo alikuwa amerithi yapata ekari 500 za malisho na tope nje ya London. Ardhi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 40 kabla mwana wao, Richard, hajaanza kuigawa viwanja katika eneo la Mayfair kwenye miaka ya 1720. Familia haikubeba gharama za kujenga kila nyumba, bali ilimkabidhi mjenzi kiwanja kwa mkataba wa muda mrefu, mara nyingi miaka 99, naye akajenga kwa fedha zake. Katika mikataba ya aina hiyo, kodi ya miaka ya mwanzo iliweza kuandikwa kuwa punje moja ya pilipili manga, yaani kodi ya jina tu, ili mjenzi apumue mpaka jengo lisimame. Muda ukiisha, kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake vilirudi kwa mwenye ardhi, na ndiyo maana familia hupangisha badala ya kuuza.

Karne moja baadaye, kwenye miaka ya 1820, mjenzi Thomas Cubitt aliichukua sehemu ya tope iliyobaki, akaikausha na kuijaza udongo uliochimbwa katika gati za St Katharine za London, na hapo ndipo ulipoinuka mtaa wa Belgravia. Mwaka 2008 kampuni ya familia hiyohiyo ilifungua eneo la maduka la Liverpool ONE jijini Liverpool, na safari hii yenyewe ndiyo iliyokuwa mpangaji, kwa mkataba wa miaka 250 kutoka halmashauri ya jiji.

Utaratibu huu una kasoro kubwa, nayo humwumiza mpangaji kwanza. Mkataba unapokaribia kwisha, hakuna anayetaka kubadilisha bati linalovuja juu ya mali itakayorudi kwa mwingine, na jengo huanza kuoza huku pande zote mbili zikisubiriana. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, tafuta kifungu kinachosema ni nani anayetengeneza paa, ukuta wa kugawa ofisi uliojenga mwenyewe utakuwa wa nani siku ya kuhama, na mazungumzo ya kuongeza muda yanaanza lini. Sisi huyaanza mkataba ukiwa bado na miaka ya kutosha kwa mpangaji kufaidi matengenezo anayoyafanya, na makubaliano hayo huyaandika ndani ya mkataba wenyewe.