Mjadala wa Jumamosi: Marianne North

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii tutamjadili Marianne North, Mwingereza aliyezunguka dunia akichora mimea kwa rangi za mafuta, kisha akajenga kwa fedha zake jumba la picha hizo, zaidi ya 800, lililofunguliwa mwaka 1882 katika bustani ya Kew, London. Tafadhali itazameni kwa makini picha ya mmea wa Borneo unaonasa wadudu kwa mitungi ya kijani yenye mabaka ya zambarau, kwani Veitch, kampuni ya Kiingereza ya kukuza na kuuza mimea, ilipoiona ilituma mtu kuutafuta, na wataalamu wakauita Nepenthes northiana. Mwaka 1883 alifika Ushelisheli, jirani zetu wa baharini, akachora mti ambao baadaye uliitwa Northia kwa heshima yake. Mimi namhesabu kuwa mwanasayansi kamili. Wenye maoni tofauti waje na hoja zao.